Nilitaka Kukimbia Mwenyewe

Msimu wangu wa kwanza wa besiboli nilipiga vizuri na sikukimbia. Nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na chuma usoni na ngao kifuani na miguuni, akipokea mipira ya mrushaji wa timu yake. Katika ligi yetu ya vijana, mdakaji akipiga na kufika besi, kocha anaruhusiwa kumtoa na kumwingiza mtu mwingine akimbie badala yake, ili mdakaji akaanze kuvaa ngao zake mapema na mchezo usichelewe. Inaruhusiwa, si lazima. Timu nyingine ziliwaacha wadakaji wao wakimbie. Mimi nilitolewa kila mara.

Ilikuwa hivi. Napiga mpira unaruka juu ya kichwa cha mtu wa besi ya pili, nakimbia, nafika besi ya kwanza, nasikia benchi letu linapiga kelele, halafu namwona kijana mmoja mwembamba anakuja na helmeti yake, anatabasamu.

"Asante kwa lifti, dereva," alikuwa akiniambia. "Mimi nashukia hapa."

Hakuwa mbaya. Alikuwa anatania tu, na kweli alikuwa na mbio. Mimi nilikuwa najifanya nacheka, narudi benchini, nafunga mikanda ya ngao za miguu, na huku nasikia nyuma yangu watu wanashangilia. Akishafika nyumbani, ile besi ya mwisho inayohesabiwa pointi, wote wanamrukia yeye. Nami nilikuwa nimeshavaa chuma usoni. Kwa hilo nilishukuru, maana nyuma ya kile chuma hakuna anayejua kama unalia au unakunja uso kwa jua. Ndiyo sababu hasa nilichagua kuwa mdakaji. Mtu mwenye haya akipata kazi ya kuvaa kizuizi usoni mchana kutwa na hakuna anayemuuliza, atakataa vipi?

Mara moja tu msimu ule niliugusa mpira ukatoka nje ya uzio. Hiyo ndiyo wanayoiita homrani: mpira umepotea, unazunguka besi zote kwa raha zako na hakuna wa kukugusa. Nilizunguka polepole sana. Watu walidhani naringa. Ukweli ni kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuikanyaga besi ya tatu, na nilitaka kujua ikoje.

*

Kwa nini nilitolewa? Mwanzoni mwa msimu kocha alinijaribu. Kuiba besi, kama hujui, ni hivi: uko besi ya kwanza, mpigaji wenu bado hajapiga kitu, unamvizia mrushaji wao, na pale anapoanza kurusha wewe unachomoka kwenda besi ya pili kabla mdakaji wao hajaudaka mpira na kuutupa huko. Huendi ukijisikia. Kocha anasimama karibu na besi ya tatu, upande wa pili wa uwanja, na anakupa ishara kwa mikono. Kwetu ilikuwa akigusa kofia kisha mkanda, nenda. Akijipangusa mkono, kaa.

Kocha wetu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, fundi bomba aliyestaafu. Sote alituita bingwa, hata waliokuwa hawajui kushika gongo la kupigia. Alinipa ile ishara ya kwenda, mimi nikakaa. Akanipa tena, nikakaa. Mechi iliyofuata hali ikawa ileile. Mwishowe alikuja akachuchumaa mbele ya benchi nilipokuwa nimeketi na kuniambia kwa upole kabisa, "Bingwa, usijali. Kazi yako ni kupiga. Mbio waachie wengine."

"Sawa," nikaviambia viatu vyake. Vilikuwa buti za kahawia zenye rangi nyeupe iliyodondokea kwenye ncha ya buti la kushoto.

Navikumbuka viatu vyake kwa sababu ndivyo nilivyomjua. Nilizaliwa kambini, Kigoma, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, na nililelewa kwamba mtoto hamkodolei mtu mzima macho. Mkubwa akikuangalia, unateremsha macho. Akisema nawe, unasikiliza ukiwa umeinamisha kichwa. Mtoto anayemtazama mzee usoni ni mtoto anayetafuta ugomvi. Tulipokuja Sydney nilikuwa mdogo, lakini macho yangu yalikuwa yameshazoea. Walimu wa Mount Druitt, magharibi mwa jiji, waliniita msikivu, halafu wakaniita mpole, halafu wakaandika kwenye ripoti kwamba nahitaji kujiamini. Nikiongeza haya yangu mwenyewe, ambayo sikupewa na mtu, basi ikawa hata kocha akiwa mbali, ng'ambo ya uwanja mzima, akishageuza uso kunielekea, mimi tayari naangalia chini. Ishara zake sikuwahi kuziona. Nilikuwa nasubiri nisikie.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

*

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeniletea wale wachezaji wa Marekani. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na besiboli alikuwa anaijua kwenye simu kuliko mimi uwanjani. Tulilala chini kwenye zulia na kuangalia vipande vya video hadi chaji iishe. Kulikuwa na wanaume wenye mabega kama makabati, wanapiga mpira unapotea kwenye mataa, lakini wakikimbia utadhani wamebeba friji. Kulikuwa na wengine wepesi kama swala, wanaiba besi wanavyotaka, lakini mipira yao haifiki mbali. Na kulikuwa na wachache, wachache kweli, waliokuwa na vyote viwili.

"Hawa ndio wa thelathini kwa thelathini," mdogo wangu alisema. "Homrani thelathini na besi thelathini za kuiba, msimu mmoja. Wengi hawafiki hata mara moja maishani."

"Kwa nini ni ngumu?"

"Kwa sababu mwili wa kupiga ni mzito na wa kukimbia ni mwepesi. Halafu ukiwa mpigaji mkubwa, kocha hataki uvunjike mguu kwa ajili ya besi moja." Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani kama fundi anayekagua kochi. "Wewe ni nusu tu, dada. Nusu nzito."

Nilimpiga kwa mto. Lakini usiku ule nilimfikiria mchezaji mmoja kwenye video. Alikuwa mnene kiasi, mwenye makalio kama yangu, nasema ukweli, na alikuwa amesimama besi ya kwanza akichezesha vidole. Kila mtu uwanjani alijua ataondoka. Mrushaji alijua, mdakaji alijua. Akaondoka hivyo hivyo, na akafika. Nikajiambia, msimu ujao nikipiga nikafika besi ya kwanza, nitakayekimbia ni mimi. Sikusema "nikiweza". Nilijiambia hivyo tu.

*

Kisha ikaja lokidauni ya pili, ile ndefu ya 2021, na upande wetu wa magharibi ndio uliobanwa zaidi. Michezo ilifungwa. Shule ikahamia kwenye kompyuta, kanisa pia, mchungaji akawa anasahau kuwasha sauti na kina mama wote wanapiga kelele kwa pamoja kwamba hasikiki. Helikopta ya polisi ikawa inazunguka mpaka tukaacha kuinua vichwa. Kutoka nje kwa mazoezi kuliruhusiwa saa moja kwa siku, na watu wa nyumba moja tu.

Watu wa nyumba yetu tulikuwa watatu. Mama alikuwa anafanya kazi nyumba ya wazee, upande wa Parramatta, na kwa kuwa ni kazi ya lazima alikuwa anaenda kila siku na kupimwa korona puani mpaka akasema pua imepanuka. Akirudi alikuwa anavua nguo za kazi mlangoni, anaoga, anakula amesimama. Sikuwa na ujasiri wa kumwomba. Mdogo wangu akamwomba kwa niaba yangu, kwa Kiingereza, mdomo umejaa ugali.

"Anataka nini?" Mama akaniuliza.

"Anataka uwe mrushaji," mdogo wangu akasema.

"Mrushaji wa nini?"

"Wa mpira, Mama. Yeye akimbie."

Mama alitafuna taratibu. "Nimewageuza watu kitandani tangu alfajiri. Mgongo wangu hauna habari na mpira." Akanywa maji. "Saa moja, sivyo? Leteni viatu vyangu."

Tulienda uwanja wa nyasi karibu na nyumbani. Besi zilikuwa mifuko ya plastiki iliyofungwa mawe ndani. Mdogo wangu alikaa besi ya kwanza na glovu, na Mama akasimama katikati na mpira wa tenisi, kitenge kiunoni, kofia ya sufu kichwani kwa sababu ilikuwa Julai na baridi ya jioni ilikuwa inauma masikio. Tulimweleza: unaweza kumrushia mpigaji, au unaweza kugeuka ghafla na kumtupia mtu wa besi ya kwanza, unikamate nikiwa nimetoka.

"Kwa hiyo nakudanganya?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo naiweza."

Na aliiweza. Siku ya kwanza alinikamata mpaka mdogo wangu akagaagaa kwenye nyasi kwa kicheko. Lakini baada ya siku chache nikaona kitu. Mrushaji hawezi kudanganya kwa miguu. Mama akitaka kugeuka, kisigino cha nyuma kinanyanyuka kwanza. Akitaka kurusha mbele, cha mbele kinanyanyuka. Na mimi miguu ya watu naijua, maisha yangu yote nimeitazama. Mwisho wa mwezi wa saba Mama hakuweza kunikamata tena.

"We mtoto una uchawi," akasema, anahema.

"Ni kisigino chako, Mama."

"Kisigino changu kimefanya nini?"

Basi hilo likawa rahisi. Ilipofika kwenye ishara ndipo tulipokwama. Mdogo wangu alisema lazima tufanye kama mechi, kwa hiyo yeye akawa mrushaji, na Mama akaenda kusimama besi ya tatu awe kocha. Akafundishwa: kofia, mkanda, nenda. Akagusa kofia ya sufu. Akagusa fundo la kitenge. Nikakaa palepale.

"Nimekupa!" akapaza sauti.

"Sijaona, Mama."

Akarudia. Sikuona. Mara ya tatu akaja moja kwa moja mpaka niliposimama, akasimama mbele yangu, nami nikaangalia raba zake.

"Niangalie."

Nikainua macho mpaka kidevuni.

"Mbona huniangalii nikikupa ishara?"

"Wewe ni Mama."

Alikaza fundo la kitenge chake. Nilifikiri nimemkosea. Halafu nikasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Hili nimekupa mimi," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza kazini, kulikuwa na bibi mmoja, namvalisha soksi kila asubuhi. Naangalia chini, namheshimu, ni sawa na mama yangu. Siku moja akamwambia msimamizi kwamba yule dada ananivalisha soksi vizuri lakini ananificha kitu, hajawahi kuniangalia. Nililia chooni. Mimi namheshimu, yeye anaona mwizi."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwangalia. Nilijilazimisha. Nilianza na nyusi." Akanishika kidevu akakiinua. "Sikia. Ndani ya hii mifuko ya plastiki mimi si mama yako, mimi ni kocha. Nikodolee macho utakavyo. Ukitoka nje ya mifuko, ukinikodolea jikoni tutagombana. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Niangalie ukisema."

"Nimeelewa," nikaziambia nyusi zake.

Haikuwa kazi ya siku moja. Nilikuwa naona kofia, halafu macho yangu yanaanguka kabla hajafika kwenye mkanda, kana kwamba mtu ameyakata uzi. Nilikasirika na macho yangu mwenyewe. Asubuhi kwenye masomo ya kompyuta nilianza kuwasha kamera na kumtazama mwalimu, hata kama hawezi kujua kwamba namtazama. Dukani nilimtazama mwenye kaunta juu ya barakoa yake. Aliniuliza kama niko sawa. Nilirudi uwanjani kila siku ambayo Mama hakuwa na shifti ya mchana, mvua ikinyesha tulienda, na siku aliyokuwa amechoka sana alikaa kwenye ndoo aliyokuja nayo na kutoa ishara akiwa ameketi. Mwezi wa kumi, walipotufungulia, nilikuwa naona ishara yote mpaka mwisho. Ishara za Mama, lakini.

*

Mechi ya kwanza ilikuwa Novemba. Mama alikuwa kazini, tukapanda basi mimi na mdogo wangu. Kocha alikuwa amebandika karatasi ya wachezaji kwenye uzio wa benchi, na mbele ya nafasi yangu kulikuwa na neno lilelile la msimu uliopita: atakimbiliwa, yaani mwingine akimbie badala yangu. Yule kijana mwembamba alikuwa ameshaliona. "Dereva, gari limepata sevisi?" akaniuliza.

Nilienda kwa kocha, aliyekuwa anahesabu mipira kwenye ndoo. Nilianza na nyusi. Zilikuwa nyeupe kama ndevu, na chini yake macho yalikuwa ya bluu yenye maji. Msimu mzima nilikuwa sijayajua.

"Nataka kukimbia mwenyewe," nikasema.

Akaacha kuhesabu. "Tulijaribu, bingwa. Nilikupa ishara mara ngapi? Hukwenda."

"Sikuziona."

"Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Nilikuwa naangalia chini. Kwetu mtoto hamwangalii mzee usoni. Ni heshima." Nikaendelea kabla sijateremsha macho. "Si kwamba niliogopa kukimbia. Sasa naweza kuangalia. Nimefanya mazoezi."

Alinitazama muda mrefu, na mimi nikabaki pale pale machoni mwake, na ilikuwa kama kushika sufuria ya moto bila kitambaa.

"Msimu wote," akasema polepole, "nilidhani hutaki."

"Nilitaka."

Akakuna ndevu. "Leo utakimbia. Ukikosa ishara, yule kijana anaingia na tusirudie mazungumzo haya. Nina timu nzima, sina wewe peke yako."

"Sawa."

Mara yangu ya kwanza kupiga, mrushaji wao alirusha mipira minne nje ya eneo la kupigia, na kwa sheria nikapewa besi ya kwanza bure. Nikasimama juu yake. Kutoka benchini yule kijana alinyanyuka kwa mazoea, akashika helmeti yake. Kocha akamwonyesha kiganja. Akakaa.

Nikamtazama kocha. Alianza kujigusa kila mahali kama mtu aliyeingiwa na siafu: sikio, kifua, goti, pua, maana ndivyo wanavyofanya ili wapinzani wasielewe. Macho yangu yalitaka kuanguka, nikayashikilia. Kofia. Halafu akajipangusa mkono. Kaa. Nikakaa, mpira ukapita. Akaanza tena. Sikio, kofia, mkanda.

Nikageukia miguu ya mrushaji. Kisigino cha mbele kikanyanyuka na mimi nikaondoka.

Nilikimbia kwa nguvu zote, nikajirusha chini, vumbi likaniingia mdomoni, na glovu ikanigusa begani wakati vidole vyangu viko karibu kabisa na besi. Mwamuzi akakunja ngumi: nimeguswa na mpira kabla sijafika. Nimetoka.

Safari ya kurudi benchini ilikuwa ndefu. Nilimsikia mdogo wangu akimlilia mwamuzi kutoka nyuma ya uzio. Nilivua helmeti nikaenda mpaka kwa kocha mwenyewe, kwa sababu nilijiambia nikisubiri aje yeye, nitaangalia buti zake.

"Uliiona?" akauliza.

"Niliiona."

"Na ile ya kwanza, ya kukaa?"

"Niliiona pia."

"Basi ulichelewa kuondoka tu. Hilo linafundishika." Akarudi kwenye kazi yake.

Ilikuwa karibu na mwisho wa mechi, tukiwa tumelingana, nilipopiga tena. Mpira ulikuwa wa chini na mgumu, ukapita kati ya watu wawili wao. Nilifika besi ya kwanza nimesimama. Nikaangalia benchi letu. Yule kijana mwembamba alikuwa anakula machungwa. Hakunyanyuka, hakuna aliyemwambia anyanyuke.

Ng'ambo ya uwanja kocha alikuwa ananitazama, nami nilikuwa namtazama. Goti, kifua, kofia, mkanda. Safari hii sikusubiri nihakikishe. Kisigino kiliponyanyuka kidogo tu nilikuwa nimeshatoka, na nilipojirusha nilisikia mpira unapita juu yangu na mtu wao anatukana. Mwamuzi akatandaza mikono: nimefika salama.

Nilisimama juu ya besi ya pili, goti linavuja damu, suruali imechanika. Nikamtafuta kocha. Alikuwa anacheka, mikono mifukoni, hana ishara yoyote. Nikabaki nimemwangalia, endapo atatoa nyingine.